Gololi ya Chuma ya Chicago

Mashine nyingi za pinboli zilizowahi kutengenezwa duniani zilitoka Chicago. Gottlieb, Bally, Williams, Genco, Chicago Coin, na leo hii Stern, zote ni kampuni za jiji hili na vitongoji vyake. Mimi ni fundi redio wa Tanga niliyehamia huku ukubwani, na kwa miaka mingi sasa jioni zangu nyingi zimekuwa za kufungua mashine hizi, kuzitengeneza na kuzicheza pamoja na majirani. Naandika habari zake kwa sababu wengi wetu tunaoishi Marekani tunapita mbele ya kumbi za pinboli tukidhani ni mahali pa walevi, au ni mambo ya wenyewe yasiyotuhusu. Mle ndani kuna mchezo uliopigwa marufuku, ukavunjwa kwa nyundo, ukakimbiwa na karibu viwanda vyote vilivyoutengeneza, kisha ukasimamishwa tena na watu wa kawaida. Waliousimamisha walifuata desturi moja tu: kila anayetaka kucheza apewe nafasi.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, pinboli ni kabati refu lenye miguu minne, limefunikwa kioo kwa juu. Chini ya kioo kuna uwanja wa mbao ulioinamishwa kidogo kumwelekea mchezaji, nyuzi sita na nusu hivi kwa mashine za kisasa. Unavuta fimbo yenye springi, unaiachia, na gololi ya chuma ya gramu 80 inapanda hadi juu. Kutoka hapo inateremka ikigonga nguzo, shabaha na kengele, na kila inapogonga unapata pointi. Chini kabisa, katikati, kuna mwanya, na gololi ikidumbukia humo umeipoteza. Kinachoizuia ni mikono miwili midogo inayoitwa flipa, unayoiendesha kwa vitufe vya ubavuni. Mchezo mmoja kwa kawaida una gololi tatu, zamani tano. Aliyekulia mitaa yetu akicheza gololi mchangani ataelewa mara moja: macho yanapima, kidole kinasubiri, na kosa la kufumba na kufumbua linatosha kukunyang'anya kila kitu.

Asili yake ni mchezo wa mezani wa Ufaransa ya karne ya 18 ulioitwa bagatelle. Wachezaji walisukuma gololi kwa fimbo, ikapita kati ya vijiti na kuangukia kwenye mashimo yenye pointi. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia Cincinnati katika jimbo la Ohio, alipata hataza ya kuuboresha mchezo huo. Aliipunguza meza, akaweka gololi ndogo, na badala ya fimbo ya kusukumia akafunga springi ya kurushia. Springi ile ipo hadi leo. Mashine mpya kabisa ikitoka kiwandani mwaka huu, ukiivuta fimbo yake unaigusa kazi ya Redgrave.

Biashara yenyewe ilianza 1931, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. David Gottlieb wa Chicago alitoa mashine ndogo ya kuweka juu ya kaunta, akaiita Baffle Ball. Haikuwa na umeme wala miguu. Mteja alitumbukiza senti moja akapata gololi kadhaa za kurusha. Mashine iliuzwa kwa dola 17.50, kwa hiyo mwenye duka la sigara au kinyozi aliweza kurudisha fedha yake ndani ya siku chache. Zilitengenezwa zaidi ya 50,000. Watu walikuwa hawana kazi, lakini senti moja ilipatikana, na kwa senti hiyo mtu alisahau shida zake kwa dakika kadhaa. Msambazaji mmoja, Raymond Moloney, alikuwa akiagiza mashine za Gottlieb na hazimtoshi. Akaamua kutengeneza yake mwenyewe, Ballyhoo, mwaka 1932, nayo ikauzwa kwa makumi ya maelfu. Kampuni ya Bally ilipata jina lake kutoka kwa mashine hiyo.

Umeme aliuleta Harry Williams, mhandisi aliyeanzia California. Mwaka 1933 alitoa mashine iliyoitwa Contact. Gololi ikiingia kwenye shimo maalumu, koili iliyopata umeme wa betri iliitema tena uwanjani na mchezo ukaendelea. Baadaye akaongeza kengele. Watu walioizoea gololi iliyoingia shimoni ikalala humo, sasa waliiona ikifufuka. Williams ndiye pia aliyewatungia wachezaji sheria. Inasimuliwa kwamba alipowaona watu wakiipiga mashine yake kwa chini ili kujiongezea pointi, alipigilia misumari kwenye ubao wa chini, ncha zikaelekea nje. Baada ya muda alipata njia ya kiungwana zaidi: kipande cha chuma kinachoning'inia ndani ya pete. Ukiitikisa mashine kupita kiasi, chuma kinagusa pete, mzunguko wa umeme unakamilika, na zamu yako inaisha. Fundi anayefungua mashine ya leo anakikuta chuma hicho kikining'inia vilevile, upande wa kushoto karibu na mlango wa sarafu. Si kwamba kutikisa kumekatazwa. Kutikisa kidogo, kwa kiasi na kwa wakati wake, ni sehemu ya ustadi, na mchezaji mzuri huijua kila mashine inastahimili kiasi gani.

Lakini pinboli ya miaka ya 1930 haikuwa na flipa. Ukisharusha gololi, kilichobaki ni kuisukumasukuma mashine na kuomba Mungu. Wenye maduka walitoa sigara au fedha kwa aliyepata pointi nyingi, na viwanda vikatengeneza mashine zilizotema sarafu zenyewe. Hapo wenye mamlaka wakapata hoja: huu si mchezo, ni kamari, na nyuma yake wapo wahuni. Los Angeles ilizipiga marufuku mwaka 1939. Januari 1942 ikafuata New York chini ya Meya Fiorello LaGuardia, aliyedai kwamba mashine hizo zinawaibia watoto wa shule fedha zao za chakula cha mchana. Polisi walizikusanya kwa maelfu. Zipo picha za LaGuardia mwenyewe, amevaa suti, akizivunja kwa nyundo mbele ya waandishi. Vita vilikuwa vimeshapamba moto, na hoja ya kuokoa chuma na shaba kwa ajili ya jeshi ilimsaidia sana. Hata Chicago, jiji lililozitengeneza na kuziuza dunia nzima, lilizikataza ndani ya mipaka yake. Vijana walizifunga kwenye makasha, zikapakiwa kwenye treni na meli, kisha hawakuruhusiwa kuzicheza mtaani kwao.

Sipendi kuwatetea waliochanganya mchezo na kamari. Mashine za kutema fedha zilikuwepo, na wahuni walikuwepo kweli. Lakini sheria ilifuta mema pamoja na mabaya, na ilibaki vitabuni kwa karibu miaka 30 baada ya mchezo wenyewe kubadilika kabisa.

Ulibadilika mwaka 1947. Harry Mabs, mbunifu wa Gottlieb, alitoa mashine iliyoitwa Humpty Dumpty, yenye flipa sita, tatu kila upande. Kwa mara ya kwanza mchezaji aliweza kuirudisha gololi juu kwa mkono wake mwenyewe. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1948, Steve Kordek wa kampuni ya Genco alitoa Triple Action. Flipa zilikuwa mbili tu, lakini aliziweka chini kabisa, kushoto na kulia kwa mwanya, na akazipa umeme wenye nguvu zaidi. Kwa nini sita, ikiwa mbili zikiwekwa pazuri zinatosha? Mpangilio huo ulienea, na kufikia leo ndio unaotawala.

Habari za Kordek nazipenda kwa jinsi alivyoingia kwenye kazi hii. Mwaka 1937 alikuwa akitembea Chicago hana ajira, mvua ikamnyeshea, akajibanza kwenye mlango wa jengo moja. Aliyekuwa mapokezi akamuuliza kama anatafuta kazi. Jengo lilikuwa la Genco. Akaanzia kwenye foleni ya kuunganisha mashine, akasoma, akapanda hadi kuwa mbunifu, na katika maisha yake alishiriki kubuni mashine zaidi ya 100. Alifariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 100. Mtu aliyeupa mchezo huu sura yake ya sasa hakutoka chuo kikuu. Aliingia kwa kuikimbia mvua, akabaki kwa bidii.

Baada ya flipa, swali la mahakamani lilikuwa moja: je, kushinda kunatokana na ustadi au na bahati? Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya California ilijibu kwamba ustadi ndio unaotangulia, na marufuku ya Los Angeles ikaanguka. New York ilihitaji kuona kwa macho. Aprili 1976 chama cha wafanyabiashara wa mashine za burudani kilimpeleka kijana mwandishi wa habari, Roger Sharpe, mbele ya kamati ya madiwani. Zililetwa mashine mbili za Gottlieb, moja ya kuchezea na nyingine ya akiba. Diwani mmoja, akishuku kwamba ile ya kwanza imechezewa, akataka itumike ya akiba. Sharpe akacheza, akitaja kabla ya kila pigo ni wapi gololi itakwenda. Mwishowe akafanya jambo gumu kuliko yote. Alivuta fimbo ya springi, akasema gololi itashuka kupitia njia ya katikati kule juu, akaiachia. Ikashuka kupitia njia ya katikati.

Kamati ikapiga kura ya kuondoa marufuku, na mwaka huohuo pinboli ikawa halali New York. Chicago nayo ikalegeza. Sharpe mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba pigo lile la mwisho lilikuwa na bahati ndani yake. Namheshimu kwa kusema hivyo. Pigo moja haliwezi kuthibitisha ustadi. Ustadi huthibitishwa na yule anayeshinda leo, akashinda wiki ijayo, akashinda kwenye mashine asiyoijua, mbele ya watu wengine wanaojua. Ushahidi wa namna hiyo hautolewi mbele ya madiwani asubuhi moja. Unahitaji mashindano.

Kabla ya kuyafikia mashindano, viwanda vilipanda na kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kompyuta ziliingia ndani ya mashine badala ya rilei, na biashara ikavimba. Kisha zikaja Space Invaders mwaka 1978 na Pac-Man mwaka 1980, na sarafu za vijana zikahamia kwenye skrini. Mashine ya video haina gololi ya kukwama, haina mpira wa kukatika, haimchoshi fundi. Pinboli ikadhoofika, ikainuka tena mwaka 1986 kwa High Speed ya Steve Ritchie, ikafika kileleni mwaka 1992 kwa The Addams Family ya Pat Lawlor, ambayo Bally ilitengeneza zaidi ya 20,000. Miaka saba baadaye, Oktoba 1999, Williams, iliyokuwa imeshaimeza Bally na ndiyo kubwa kuliko zote, ilifunga idara yake ya pinboli. Haikuwa imefilisika. Iliona faida kubwa zaidi iko kwenye mashine za kamari za kasino.

Akabaki mtu mmoja, Gary Stern, na kiwanda kimoja katika kitongoji cha Melrose Park. Kwa zaidi ya miaka kumi hicho ndicho kilikuwa kiwanda pekee duniani kilichokuwa kikitengeneza pinboli kwa wingi. Mashine moja ina vipuri 3,500 hivi na karibu nusu maili ya waya, na huunganishwa kwa mikono kwa muda wa saa 30 na zaidi. Kama watu wangeacha kuzicheza, kiwanda kile kingefunga, na hadithi ingeishia hapo.

Watu hawakuacha. Mwaka 1985, wakati mambo yalipokuwa mabaya, wapenzi wa mchezo walianza kukutana kila mwaka hapa Chicago katika Pinball Expo, wakileta mashine zao wenyewe, wakiwaalika wabunifu wazee waje kusimulia, na wakicheza. Mkutano huo haujafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Steve Epstein, mwenye ukumbi wa Broadway Arcade huko New York, alishirikiana na Roger Sharpe kuanzisha PAPA, chama cha wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa. Jambo kubwa walilolifanya ni kugawa wachezaji kwa madaraja. Daraja la juu la mabingwa, na chini yake madaraja ya wanaokua na wanaoanza, kila moja na zawadi zake, na bingwa hakuruhusiwa kushuka kwenda kuwanyang'anya wadogo. Fundi bomba aliyeanza kucheza miezi sita iliyopita akawa na jambo la kushindania.

PAPA baadaye ilihamia magharibi mwa Pennsylvania, kwenye bohari moja karibu na Pittsburgh. Septemba 2004 mabaki ya kimbunga Ivan yalileta mafuriko yaliyoharibu karibu mashine zote zilizokuwamo. Wenyewe wakakusanya nyingine, wakaendelea. Mashindano ya Pinburgh yaliyokulia huko yalifikisha wachezaji 1,000 mwaka 2019. Utaratibu wake ulikuwa wa watu wanne wanne kwenye mashine, raundi baada ya raundi, na hakuna aliyetolewa siku ya kwanza. Aliyeshindwa asubuhi alipangwa mchana na walioshindwa kama yeye, akaendelea kucheza na wa kiwango chake.

Mwaka 2006 wana wawili wa Roger Sharpe, Josh na Zach, walikifufua IFPA, chama cha kimataifa cha pinboli, kilichokuwa kimelala. Wakatunga orodha ya wachezaji wa dunia. Mtu yeyote anayeshiriki shindano lililosajiliwa, hata likiwa la watu kumi kwenye baa ya mtaani, jina lake linaingia. Orodha ile ilibadilisha mambo kuliko mashindano makubwa yote, kwa sababu iliupa uzito usiku wa Jumanne wa kila mtaa. Mwenye ukumbi akapata sababu ya kuandaa shindano kila wiki. Kwa kuandaa shindano akalazimika kutengeneza mashine zake. Mashine zikiwa nzima, watu wanakuja. Watu wakija, ananunua mashine mpya, na kiwanda kinaendelea. Miongoni mwa waliolelewa na mashindano hayo ni Keith Elwin, bingwa wa miaka mingi, ambaye Stern ilimwajiri kuwa mbunifu. Mwaka 2018 mashine yake ya Iron Maiden ilitoka kiwandani.

Katika ukumbi wa mtaa wetu tunacheza kwa mtindo wa alama tatu. Mwandalizi anaandika majina kwenye simu, programu inapanga nani acheze na nani na kwenye mashine ipi. Anayeshindwa anapewa alama moja mbaya, na akifikisha tatu anatoka. Majina hayapangwi kwa umri wala kwa kazi. Nimeona binti wa darasa la sita akisimama kwenye stuli ndogo kumkabili dereva wa lori mwenye ndevu nyeupe. Yule mzee alikuwa na nguvu, alipiga kila gololi iliyomjia. Binti hakupiga. Gololi iliposhuka kuelekea flipa ya kushoto aliacha flipa imelala, gololi ikadunda juu yake kwa mwendo wake yenyewe, ikavuka hadi upande wa kulia. Hapo akainua flipa ya kulia, gololi ikatulia kwenye pembe yake kama iliyowekwa kwa mkono. Akavuta pumzi, akatazama shabaha, ndipo akapiga. Akarudia hivyohivyo mpaka mzee akaweka soda yake chini akasogea kutazama. Mchezo ulipoisha alimpa mkono, kisha akamwomba amwonyeshe namna ya kuiacha gololi idunde.

Kuonyeshana huko ndiko nguvu ya mashindano haya. Sheria inakataza kumfundisha mtu akiwa katikati ya mchezo, lakini gololi ya mwisho ikipotea, maswali yanaruhusiwa, na sijamwona bingwa aliyeyakataa. Kwa muda mrefu kumbi hizi zilikuwa za wanaume. Mwaka 2013 wanawake wa Oakland, California, walianzisha Belles & Chimes, ligi yao wenyewe, ili anayeanza apate mahali pa kujifunza bila kutazamwa kwa dharau. Ligi hiyo imepata matawi katika miji mingi, na wengi waliojifunzia huko sasa wanashindana kila mahali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na pinboli ilipona hivyo.

Upande wa pili wa uponyaji huo ni makumbusho. Tumezoea makumbusho ya vioo na kamba, yenye kibao cha kukataza kugusa. Ya pinboli hayawezi kuwa hivyo, kwa kuwa mashine isiyochezwa haikuelezi chochote. Inabaki kabati lenye picha. Tim Arnold, aliyetajirika kwa kumbi za michezo huko Michigan, alihamia Las Vegas na mamia ya mashine zake, na mwaka 2006 akafungua Pinball Hall of Fame. Hutozwi kiingilio. Unaweka robo dola kwenye mashine za zamani na zaidi kidogo kwenye mpya, na ziada inayopatikana hutolewa sadaka. Mwaka 2021 alihamia jengo kubwa zaidi kwenye barabara kuu ya mji huo.

Alameda, California, iko Pacific Pinball Museum, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama chumba kidogo cha mashine za mwanzilishi wake, Michael Schiess, na sasa ina mkusanyiko wa mashine zaidi ya 1,000. Unalipa kiingilio mara moja, kisha unacheza siku nzima bila sarafu, kutoka mashine za miaka ya 1930 zisizo na flipa hadi za kompyuta, chumba baada ya chumba. Kuna moja ambayo nadhani kila mwalimu wa fizikia angependa kuwa nayo. Schiess aliichukua mashine ya Gottlieb ya 1976, akaijenga upya kwa plastiki angavu, ili kila waya, koili na gurudumu lionekane likifanya kazi. Mtoto anabonyeza kitufe na kuona umeme unavyogeuka kuwa mwendo.

Hapa kwetu, kitongoji cha Brookfield kina Galloping Ghost, ukumbi uliofunguliwa mwaka 2010, wenye mashine za video zaidi ya 900 na jengo jingine la pinboli. Nako ni kiingilio kimoja, unacheza mpaka uchoke. Hata Budapest, Hungaria, tangu 2014 kuna makumbusho ya pinboli kwenye chumba cha chini ya ardhi, ya namna hiyohiyo: unalipa, unaingia, unacheza.

Kinachonishughulisha sasa ni mikono ya kuzitunza. Ndani ya Gottlieb ya miaka ya 1960 hakuna transista hata moja. Kumbukumbu yote ya mchezo imo kwenye rilei na magurudumu ya kuhesabia. Gololi ikigonga shabaha, majani mawili ya swichi yanagusana, koili inavuta, gurudumu linasogea jino moja, kengele inalia. Ukipata pointi 50, mota ndogo chini ya uwanja inazunguka na kupiga mara tano, na fundi mzoefu husikia kama zimelia nne. Hapo unainua ubao, unatafuta jani lililoungua, unalisugua kwa tupa nyembamba, unalikunja kidogo mpaka mwanya uwe sawa, unajaribu tena. Hakuna kifaa cha kuchomeka kikakwambia ubovu uko wapi. Unafuata mchoro, waya kwa waya, kwa rangi zake. Waliozijua mashine hizi toka zikiwa mpya ni wazee sana sasa, na wengi tumewazika. Makumbusho yanaweza kuwa na mashine elfu moja, lakini bila fundi yatakuwa na kabati elfu moja.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu mnaoishi miji hii, Chicago, Pittsburgh, Seattle, Minneapolis na kwingineko: nendeni. Chukueni watoto. Tafuteni shindano la wiki la wanaoanza, andikisheni majina yenu, mshindwe, muulize maswali. Na nyinyi mliojifunza kulehemu kwa kufungua redio za mkulima na pasi za mkaa zilizogeuzwa za umeme, mliozoea kutengeneza kitu badala ya kukitupa, nendeni mkajitambulishe kwa mwenye ukumbi. Kila makumbusho niliyoitembelea ina chumba cha nyuma chenye mashine zinazosubiri fundi, na kila moja inapokea watu wa kujitolea. Bisibisi na mchoro mtapewa.